Mweupe Pe, Siyo Mweupe Sana

Miaka kadhaa iliyopita niliandika makala ya gazeti kuhusu wanawake wanaolima mwani Mlingotini, kusini kidogo ya Bagamoyo mjini, ukishapita Kaole na Mbegani. Ilikuwa bamvua, maji yamekupwa mbali, na mama mmoja wa makamo alikuwa ananionesha kamba zake. Nilimpa shikamoo, akaniitikia marahaba bila kuinua mgongo. Nikamuuliza mwani wake ulikufaje. Sauti yake ninayo kwenye simu mpaka leo: "Mwanangu, ulianza na vidoa. Siku ya tatu nakuja, mweupe. Mweupe pe! Ukiushika unakukatikia mkononi."

Makala ilipotoka, sentensi ile ilikuwa imenyooshwa na mtu wa dawati la uhariri. Ikasomeka kwamba mwani "ulikuwa mweupe sana na ulikatika kwa urahisi". Sikukasirika. Kusema kweli sikugundua hata. Ningekuwa mimi ndiye niliyekaa kwenye lile dawati saa mbili usiku huku ukurasa unasubiriwa, ningefanya vilevile. "Pe" kwenye gazeti? Inaonekana kama kosa la kuchapa.

Aliyegundua ni mtu mmoja anayeijua biashara ya mwani. Alinipigia simu: "Sasa ndugu mwandishi, habari iko wapi hapo? Mwani ukianikwa ukapigwa na jua na mvua, si lazima uwe mweupe?" Na alikuwa na haki kwa alichokisoma. Mwani mweupe sana unaweza kuwa mwani uliokauka tu vibaya. Lakini mwani mweupe pe, ungali majini, ungali umefungwa kwenye kamba, huo una ugonjwa. Wataalamu wanauita ice-ice: matawi yanapoteza rangi yote na kuoza pale yalipoungana, hasa maji yakipata joto kupita kiasi. Ndiyo maana wakulima wengi wa pwani yetu waliacha mwani aina ya cottonii, wenye bei nzuri, wakabaki na spinosum, unaovumilia zaidi lakini bei yake ya chini. Na ndiyo maana Mlingotini kuna waliojaribu kamba zinazoelea kwenye maji ya kina, badala ya vigingi vya ufukweni. Habari yote hiyo ilikuwa ndani ya silabi moja, na sisi tuliifuta kwa sababu haikuvaa vizuri.

Niliporudi, yule mama alikuwa ameshasomewa makala na mjukuu wake. Hakunilaumu. Alisema tu, "Mie sikusema sana. Sana ni kanga iliyofuliwa."

Toka siku ile nimekuwa nasoma hadithi zetu na riwaya zetu nikiwa na sikio bovu, kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumbani kwake kuna panya. Kila mahali nasikia "sana". Mhusika ana njaa sana, anaogopa sana, usiku ni mweusi sana, mji una kelele sana, mapenzi ni matamu sana. Nimesoma miswada ya hadithi fupi ya waandishi wa rika langu na walio wadogo kwangu, watu wenye vipaji kabisa, na kuna kurasa ambazo nilianza kuhesabu hizo "sana" nikaacha. Mwandishi anapohisi "sana" haitoshi anaongeza "mno". "Mno" ikichoka anaweka "sana sana", asikumbuke kwamba tukisema "sanasana" tunakuwa tumekwenda kwenye maana nyingine: "sanasana atakupa elfu tano" haina maana ya wingi, ina maana ya mwisho wa uwezo wake.

Nataka nieleweke. Sina ugomvi na "sana" yenyewe. Bila hiyo tusingeweza kumshukuru mtu wala kumpa pole. Lakini kwenye "asante sana" na "pole sana" neno hili limegeuka kuwa adabu zaidi kuliko kipimo. Hakuna anayeuliza asante yako ni kubwa kiasi gani. Shida inaanza pale mwandishi anapolichukua neno la adabu na kulikabidhi kazi ya jicho.

Vitabu vyetu vya sarufi vinavitambua vile vijineno vingine. Shuleni tunaambiwa ni vielezi viigizi, Wakenya wanasema tanakali za sauti, na mfano unaotolewa ni uleule kila mwaka: nyeupe pe, nyeusi ti, anguka pu. Mwanafunzi anakariri mitatu, anajibu mtihani, yamekwisha. Hapo ndipo tunapowapoteza watoto, maana jambo la kushangaza kwa maneno haya ni tabia yake, wala si idadi.

"Sana" ni kama daladala, hubeba yeyote aliyesimama kituoni. Hivi vingine kila kimoja kina mwenzi wake. "Pe" ni ya weupe. Huwezi kusema nyeusi pe. Mtoto wa miaka minne atakucheka. "Ti" ni ya weusi, "pyu" ya wekundu. Giza ni totoro. Ulevi ni chakari. Kulowa ni chepechepe, au chapachapa. Kunuka ni fee. Kimya ni jii. Kujaa ni pomoni. Mtu hutulia tuli, hukataa katakata, hulala fofofo. Wengine hufa fofofo pia, na hapo lugha inakunong'oneza kitu kuhusu usingizi na mauti bila kukuandikia insha ya falsafa. Mengi ya maneno haya yalishaingia kwenye kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, enzi ile Kiswahili kinasanifishwa kwa kufuata lafudhi ya Unguja, kwa hiyo hatuwezi kusema ni uhuni wa vijana au lahaja ya vijijini iliyojipenyeza. Yamekuwepo kwenye sanifu tangu sanifu ilipozaliwa. Sisi ndio tumeona aibu nayo.

Halafu kuna hili, ambalo lilinichukua muda kuliona. Jaribu kukanusha. "Si mweupe sana" ni sentensi ya kawaida, tunaisema kila siku. "Si mweupe pe" inakwama mdomoni. "Hakuanguka sana" unaweza kuisikia hospitali. "Hakuanguka pu" haisemwi, labda uwe unamtania aliyeisema kabla yako. (Katakata inavumilia kidogo: "hakukataa katakata" inapita, nadhani kwa kuwa imeshajizoesha kuwa kielezi cha kawaida.) Wanaoisoma lugha wameona tabia kama hiyo kwa maneno ya aina hii katika lugha nyingi za Afrika na nje ya Afrika: yanachukia ukanushi, na yanachukia maswali. Mimi sababu yake naielewa hivi, kwamba anayesema "pe" anasema alikuwepo. Hapimi, anashuhudia. Na ushahidi wa jambo ambalo halikutokea ni kitu kisichowezekana.

Sasa fikiria kazi yangu ya kila siku. Nakwenda kwenye mkutano na waandishi wa habari, msemaji anaulizwa kuhusu mafuriko, kuhusu dawa, kuhusu barabara. Jibu unalijua kabla hajafungua kinywa: "Hali si mbaya sana." Sentensi hiyo haiwezekani bila "sana". Hebu jaribu kuificha barabara iliyokatika kwa kutumia kiigizi. "Daraja limekatika katu." Umeshanaswa. Kwa hiyo "sana" inapendwa na wasemaji kwa sababu ileile inayoifanya ipwaye kwenye hadithi: ina nafasi ya kurudi nyuma. Nilipokuwa natoa "pe" kwenye midomo ya watu na kuweka "sana", nilikuwa nawavisha wakulima wa mwani koti la msemaji. Hilo ndilo linaloniuma, zaidi ya urembo wa lugha.

Wapo watakaosema hili ni gonjwa la Kiingereza, kwamba tunawaza "very" na kuandika "sana". Kuna ukweli kidogo. Lakini Kiingereza chenyewe kinateswa na homa hiyohiyo. "Very" ilitoka kwenye Kifaransa cha kale, na maana yake ilikuwa "kweli". Yaani Mwingereza wa zamani alipotaka kusisitiza alisema kitu chenye undugu na "kweli kweli" yetu, na likatumika mpaka ukweli ukamwagika wote likabaki ganda. Kisha wakachukua maneno ya hofu, "terribly" na "awfully", nayo yakapoa; leo mtu anasema "awfully nice" akimaanisha keki. Juzijuzi ikawa zamu ya "literally", mpaka kamusi zao kubwa zimekubali kuandika kwamba linatumika kusisitiza hata jambo lisilo halisi. Shakespeare alirundika msisitizo juu ya msisitizo bila aibu, na kwenye hotuba ya Antony juu ya maiti ya Caesar kuna kivumishi alichokipandisha cheo mara mbili. Walimu wa sarufi wa karne zilizofuata walikuja kulipiga marufuku jambo hilo. Inanifurahisha kwamba tamthiliya hiyohiyo ndiyo Nyerere aliyoichagua kuitafsiri, ikatoka mwaka 1963 na kusahihishwa tena mwaka 1969: rais wa nchi changa anakaa na hotuba inayoonesha namna neno moja la sifa, likirudiwa na kurudiwa, linavyoweza kuoza mbele ya watu.

Sisi tumepita njia hizohizo kwa miguu yetu. Njia ya ukweli: "kweli kweli", "hasa", "hakika", na sasa hii "kiukweli" inayofungua kila sentensi redioni, kana kwamba sentensi zilizotangulia zilikuwa za uongo. Njia ya hofu: mvua imenyesha balaa, anaimba hatari, na hatari ikizoeleka inakuwa hatari na nusu. Balaa na hatari ni maneno ya Kiarabu yaliyokuja na uzito wake wote, mtu akiyasikia anataja jina la Mungu. Leo pilau ni hatari. Noma ikawa kinoma. Nakupenda kufa. Ukumbi umejaa si mchezo. Siyachukii haya hata kidogo. Ukiniuliza, kijana wa Magomeni anayesema "kajaza watu si kitoto" yuko karibu zaidi na yule mama wa Mlingotini kuliko mimi na diploma zangu, maana wote wawili wanatafuta neno lenye meno. Tofauti ni kwamba maneno ya hofu huisha makali na lazima ununue mengine kila baada ya miaka michache, wakati "pe" iko palepale. Imebaki kali kwa sababu haikuwahi kukubali kufanya kazi nyingine.

Lakini ngoja, nisije nikaonekana nauza viigizi kama dawa ya mitishamba. Nathari nzuri ya Kiswahili haikuwategemea hao peke yao, na mingine haikuwahitaji kabisa. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa hapahapa pwani ya Bagamoyo, ambaye mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili, ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya kile kitabu cha desturi za Waswahili alichokitoa Carl Velten mwaka 1903. Ukikisoma leo unashangaa ukavu wake. Harusi, mazishi, ngoma, madeni, yote yanaelezwa kwa sauti moja, hatua kwa hatua, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Msisitizo wake uko kwenye mpangilio: kipi kinatangulia, nani analipa, nani anakataa. Shaaban Robert naye alisisitiza kwa mizani ya sentensi, akiweka jambo na pacha wake, kisha pacha wa pacha, mpaka msomaji anakubali kwa kuchoka kwa raha. Na Kezilahabi wa Nagona, kitabu cha mwaka 1990, alikwenda upande mwingine kabisa: sentensi fupi, mandhari tupu, ukimya unaofanya kazi ambayo wengine wangempa "mno".

Washairi wa mapokeo wana dhambi yao ndogo hapa, na nitaitaja haraka maana nitatukanwa. Mizani nane lazima zijae, na ukipungukiwa na mbili, "sana" ipo, "mno" ipo, "hakika" ina tatu. Nimesoma beti ambazo nusu ya imani ya mshairi ilitokana na hesabu.

Kwa hiyo ninachotetea si kurudisha "pe" na "ti" kwenye kila ukurasa. Riwaya iliyojaa viigizi itakuwa kama kikao cha watani, inafurahisha dakika kumi. Viigizi vinaishi kwa sauti. Ukiwa Mlingotini ukauliza nyumba fulani iko wapi, mtu atakuonesha kwa mdomo na kusema "kulee", na umbali unaujua kwa jinsi sauti inavyopanda na irabu inavyovutwa. "Kule" ni pale karibu. "Kulee" ni baada ya minazi. "Kuleeee" panda bodaboda. Ukiandika irabu nne kwenye kitabu inaonekana ni utoto, na ukiandika moja umemdanganya mgeni. Hadithi za mdomo zina msimulizi mwenye mikono na macho, na wasikilizaji wanaojibu. Karatasi haina hayo, kwa hiyo mwandishi anatakiwa achague mahali. Mahali pamoja. Pale ambapo mhusika ameona kitu kwa macho yake na hakuna namna ya kukirudisha nyuma.

Swali hili limerudi kwa nguvu tangu Gurnah apate Nobel mwaka 2021 na Paradise ikatoka kwa Kiswahili mwaka uliofuata, Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Kiingereza cha Gurnah ni cha mtu anayeongea taratibu na kujizuia. Sasa unapokirudisha kwenye lugha ambayo giza lina neno lake na ukimya una neno lake, unafanyaje? Ukiweka totoro kila penye giza umemvunjia mwandishi utulivu wake. Ukiliacha giza tupu, msomaji wa pwani atahisi mtu anaongea na soksi mdomoni. Sioni kanuni inayoweza kulijibu hilo. Linajibiwa sentensi kwa sentensi, na mfasiri yeyote wa Kiswahili analala nalo.

Nina jambo jingine la kukiri, na hili linahusu sisi wenyewe tunaoandika uhakiki na tunaousoma. Nilipitia tahariri na mapitio yangu ya vitabu ya nyuma. Ndani ya mwaka mmoja niliwahi kuandika "riwaya bora kabisa" kwa riwaya tatu tofauti. "Kabisa" maana yake hakuna iliyobaki! Moja kati ya hizo sikumbuki hata mhusika mkuu aliitwa nani. Nilifanya hivyo kwa sababu tunajuana, soko ni dogo, mwandishi kajichapishia kwa pesa ya mkopo, na ukiandika kwamba kitabu ni kizuri kiasi, watu wanasoma kwamba ni kibaya. Tumepandisha bei ya sifa mpaka "nzuri" imekuwa tusi. Msomaji aliyenunua vitabu viwili kwa maneno yangu, akakuta vya kawaida, cha tatu hatakinunua hata kama safari hii nasema kweli. Na cha tatu huenda ndicho chenyewe.

Wazee wa pwani walikuwa na njia ya kuepuka hili ambayo sisi tumeiacha kwenye salamu. Mvuvi anarudi, ngalawa imejaa, unamuuliza habari za bahari anakwambia, "Si haba." Haba ni uchache, si haba, basi siyo uchache. Ndiyo sifa yake yote. Wengine wanasema anaogopa husuda, wengine wanasema hataki ushushe bei. Yote yawezekana. Lakini matokeo yake ni kwamba lugha ya mtu huyu ina nafasi tupu juu, na siku akikwambia ngalawa imejaa pomoni, unachukua ndoo na kukimbia.

Mwezi uliopita nilikuwa tena kule kwa ajili ya makala nyingine. Yule mama sasa analima kidogo, zaidi anauza sabuni ya mwani pamoja na wenzake. Nikamuuliza msimu umekuwaje. Akafikiri kidogo, akafuta mikono kwenye kanga.

"Si haba, mwanangu."

Niliiandika hivyohivyo. Jioni mhariri, huyu ni mwingine, kijana mpole, akanitumia ujumbe: hapa tuweke "mzuri sana"? Nikampigia. Tuliongea karibu nusu saa, gazeti likachelewa, na neno likabaki.